Big Comic na wadogo zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tuliingia kwenye manga, hadithi za michoro za Kijapani, kwa mlango wa Dragon Ball, Naruto au One Piece, yaani mlango wa majarida ya wavulana. Upande wa pili wa nyumba uko kimya zaidi: kuna majarida ya seinen, yanayoandikwa kwa wanaume walioanza chuo, walioajiriwa, na hata wanaokaribia kustaafu. Majarida hayo ni mengi, kwa hiyo hapa nimechukua ukoo mmoja tu, Big Comic ya kampuni ya Shogakukan, kwa sababu historia yake inaonyesha jambo ambalo wahariri wote wa seinen wamepambana nalo: msomaji hazuiliki kuzeeka.

Big Comic ni jarida gani hasa?

Ni jarida la manga linalotoka Tokyo mara mbili kwa mwezi, tarehe 10 na 25. Toleo la kwanza liliingia madukani Februari 1968, na kwa muda mfupi wa mwanzo lilikuwa la kila mwezi. Ndani yake kuna hadithi kadhaa zinazoendelea kwa sura, kila moja na mchoraji wake. Sura zikitosha hukusanywa na kuchapwa kama kitabu. Jarida hununuliwa, husomwa njiani na kutupwa. Kitabu ndicho kinachobaki kwenye rafu.

Seinen inatofautianaje na manga za wavulana?

Tofauti iko kwa msomaji anayelengwa, wala si mtindo wa kuchora. Dalili moja rahisi ni herufi. Majarida ya wavulana huweka herufi ndogo za matamshi pembeni mwa kanji, herufi ngumu zenye asili ya Uchina, ili mtoto wa shule aweze kusoma. Majarida ya seinen kwa kawaida huziacha, kwa kuwa msomaji amekwisha kusoma.

Tofauti kubwa zaidi ni kile ambacho shujaa anakitaka. Kwenye jarida la wavulana anataka kuwa hodari kuliko wote. Kwenye Big Comic anaweza kuwa mfanyakazi wa hoteli anayehangaika na mgeni mkorofi. Wapo wanaodhani seinen ni damu na ngono tu. Damu ipo na ngono ipo, lakini moja ya hadithi zilizodumu kuliko nyingi katika ukoo huu inamhusu mwajiriwa mvivu anayependa kuvua samaki.

Kwa nini jarida kama hili lilizaliwa mwaka 1968 na si kabla?

Hesabu ya vizazi inajibu nusu ya swali. Baada ya vita, kati ya 1947 na 1949, Japani ilipata watoto zaidi ya milioni 2.6 kila mwaka. Watoto hao ndio waliokuwa shule wakati majarida mawili makubwa ya wavulana, Shonen Magazine ya Kodansha na Shonen Sunday ya Shogakukan, yalipoanza siku moja, tarehe 17 Machi 1959. Wazazi na walimu walitarajia kwamba mtoto akikua ataiacha manga. Hakuiacha. Kufikia 1968 kizazi kile kilikuwa na umri wa miaka 20 hivi, vyuo vikuu vilikuwa vikifukuta kwa maandamano, na wanafunzi walibeba manga pamoja na vitabu vya siasa bila kuona aibu.

Nusu ya pili ilitokea kwenye maduka ya kukodisha vitabu. Miaka ya 1950, hasa upande wa Osaka, vijana maskini waliochoka na vichekesho vya watoto walikuwa wakichora hadithi za uhalifu, hasira na upweke kwa ajili ya maduka hayo. Mwaka 1957 Yoshihiro Tatsumi aliipa kazi ya aina hiyo jina la gekiga. Televisheni na majarida ya kila wiki yalipoua maduka ya kukodisha, wachoraji wale walihamia Tokyo na mikono iliyokwisha kuzoea hadithi za watu wazima. Wasomaji wakawapo, wachoraji wakawapo, kilichobaki ni mtu wa kuwakutanisha.

Je, Big Comic ndilo lilikuwa la kwanza?

Hapana, ingawa linasifiwa hivyo mara nyingi. Garo, jarida dogo lenye heshima kubwa, lilianza 1964. Mwaka 1967 kampuni ya Futabasha ilitoa Manga Action, na toleo lake la kwanza ndimo alimozaliwa mwizi Lupin III wa mchoraji Monkey Punch. Big Comic lilikuja nyuma yao, ila lilikuja na mtaji wa kampuni kubwa na orodha ya majina ambayo wengine hawakuweza kuikusanya.

Kampuni yenyewe inachekesha kidogo kwa kazi hii. Shogakukan ilianzishwa 1922 kwa majarida ya kujifunzia ya wanafunzi wa shule za msingi, darasa kwa darasa. Hadi leo manga zake huweka nukta mwishoni mwa sentensi ndani ya kiputo cha maneno, jambo ambalo wachapishaji wengine wengi hawajisumbui nalo. Kwa hiyo hata muuaji wa kukodiwa, akizungumza katika Big Comic, huzungumza kwa uakifishaji wa mwalimu.

Ni nani waliochora toleo la kwanza?

Watano wanaotajwa daima ni Osamu Tezuka, Shotaro Ishinomori, Sanpei Shirato, Shigeru Mizuki na Takao Saito. Kuwaweka hawa katika jalada moja kulikuwa na maana iliyozidi biashara. Tezuka alikuwa baba wa manga ya hadithi iliyokulia kwa watoto. Saito alitoka kwenye gekiga iliyojitokeza kumpinga. Shirato alileta ninja wenye hasira za kitabaka. Mizuki, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani huko Rabaul, alileta mizimwi na pepo wa vijijini. Ishinomori alihamishia hapa hadithi ya Sabu na Ichi, wapelelezi wa zama za Edo, yaani Japani ya enzi za samurai, aliowaanza kwenye Shonen Sunday, na hapa akaanza kuchora kurasa zenye ukimya mrefu ambazo mtoto angezifunua haraka bila kuziona.

Tezuka si yule wa Astro Boy, roboti mtoto? Alifuata nini kwenye jarida la watu wazima?

Ni yule yule, na nadhani bila Big Comic tungemjua nusu yake tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana walikuwa wakimwona amepitwa na wakati, na studio yake ya katuni, Mushi Production, ilielekea kwenye kufilisika ambako kulikuja 1973. Katika miaka hiyo hiyo ya shida alichora kazi zake zenye giza kuliko zote. Aliingia na Chikyu o Nomu katika toleo la kwanza. Kisha kati ya 1970 na 1971 ikaja Kirihito Sanka, kuhusu daktari kijana anayechunguza ugonjwa unaogeuza sura za watu kuwa kama za mbwa, kisha naye anaugua huku wakubwa wa hospitali wakilinda vyeo vyao. Ayako, ya 1972 na 1973, inamfuata binti anayefungiwa kwenye ghala ili aibu ya familia ya wenye ardhi isitoke nje. MW, iliyoanza 1976, inamweka padri wa Kikatoliki na muuaji ndani ya siri moja ya gesi ya sumu.

Hakuna hata moja kati ya hizo ninayoweza kumpa mtoto. Wala si zote zimekomaa sawa. MW inakimbia mno kuelekea mwisho. Lakini ukizisoma mfululizo unamwona bwana mkubwa aliyeambiwa kwamba wakati wake umekwisha akikataa kwa kalamu. Hakulitupa jarida hilo hadi mwisho: Gringo, moja ya hadithi alizoziacha bila kumaliza alipofariki Februari 1989, ilikuwa ikitoka humo humo.

Ni kweli mchoraji wa Doraemon, yule paka-roboti wa watoto, aliandikia Big Comic?

Kweli. Mhariri mkuu wa mwanzo, Yonosuke Konishi, alimfuata Fujiko F. Fujio akitaka hadithi ya watu wazima. Fujiko alisita, akiona mchoro wake ni wa kitoto na hautafaa. Konishi hakukubali, na mwaka 1969 ikatoka hadithi fupi iitwayo Minotauros no Sara. Rubani wa anga anaanguka katika sayari ambako viumbe wenye sura za ng'ombe ndio wastaarabu, na viumbe wenye sura za watu ndio mifugo. Anampenda msichana mmoja. Msichana amechaguliwa kuliwa kwenye karamu kubwa, na kwake hiyo ni heshima. Anashangaa kwa nini mgeni huyu anahangaika.

Ule mchoro wa duara duara, wenye macho ya kitoto, ndio unaofanya hadithi iume. Doraemon ilianza miezi michache tu baadaye, katika majarida ya watoto ya kampuni hiyo hiyo. Mwaka mmoja, mkono mmoja.

Golgo 13 ni nani, na kwa nini kila mazungumzo ya Big Comic huishia kwake?

Kwa sababu yupo tangu mwishoni mwa 1968 na bado yupo. Ni muuaji wa kukodiwa, anajiita Duke Togo, hutumia bunduki ya M16, hasemi sana, hampi mtu mkono, hapendi mtu asimame nyuma yake. Asili yake haijulikani. Lakabu yake imetoka Golgotha, mahali pa msalaba. Kila hadithi humleta mteja mpya na nchi mpya: vita baridi, mafuta, benki, mapinduzi, mbegu za mahindi. Wasomaji wengi wa Japani watakuambia walijifunza siasa za dunia kwake kabla ya kuzisoma gazetini, na sioni sababu ya kuwabishia.

Takao Saito aliyemuumba alikuwa kijana wa Sakai, karibu na Osaka, aliyefanya kazi ya unyozi kabla ya manga kumlipa. Wazo lake kubwa halikuwa mhusika huyo bali namna ya kufanya kazi. Aliamini kuwa mtu anayeweza kuchora vizuri, kutunga vizuri na kuchora mandhari vizuri kwa wakati mmoja ni nadra mno, kwa hiyo akagawa kazi kama watengeneza filamu wanavyogawa: watunzi wa hadithi, wachoraji wa watu, wachoraji wa silaha na majengo, na majina yao yakaorodheshwa. Wakosoaji waliita hicho kiwanda. Lakini kiwanda hicho hakikukosa toleo hadi Mei 2020, janga la korona lilipofanya iwe hatari kuwakusanya watu wengi katika studio moja.

Julai 2021 kilitoka kitabu cha 201, na Guinness ikaitambua kama manga yenye vitabu vingi kuliko mfululizo mwingine wowote. Saito alifariki tarehe 24 Septemba mwaka huo akiwa na miaka 84. Alikuwa ameeleza nia yake kwamba hadithi iendelee bila yeye, na studio yake pamoja na wahariri wa Big Comic wameendelea nayo. Mgawanyo ule wa kazi uliobezwa ndio uliomwezesha mhusika kuishi kuliko muumba wake.

Filamu? Zipo. Ya 1973 aliigiza Ken Takakura na ilipigwa Iran. Ya 1977 ilikuwa ya Sonny Chiba. Ya katuni ya mwaka 1983, chini ya mwongozaji Osamu Dezaki, ndiyo ya kuangalia.

Nilisikia serikali ya Japani ilimtumia Golgo 13. Ni uzushi?

Si uzushi. Mwaka 2016 Wajapani saba waliuawa katika shambulio la mgahawa mjini Dhaka, Bangladesh. Mwaka uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilitoa mwongozo wa usalama kwa kampuni ndogo na za kati zinazofanya kazi ng'ambo, na mwongozo huo ulikuwa manga ya Golgo 13. Duke Togo anawaelekeza wafanyabiashara wasizoee njia moja na wajiandae kabla ya safari. Muuaji wa kimataifa kuwa mshauri wa usalama! Lakini wizara ilijua ilichokuwa inafanya: wenye kampuni hizo ni wanaume wa umri ule ule waliokua na jarida.

Hao "wadogo zake" ni akina nani?

Hapa ndipo penye jibu la tatizo la umri. Msomaji wa miaka 20 wa mwaka 1968 alikuwa na miaka 32 mwaka 1980. Jarida lingeweza kumfuata yeye au kubaki na vijana. Kufanya yote mawili haliwezi. Shogakukan ikaamua Big Comic libaki na wasomaji wake wa mwanzo, kisha ikazaa majarida mengine.

Big Comic Original lilitokea 1972. Hili ndilo la watu wazima hasa, la baba aliyerudi kazini. Humo ndimo alimokaa Abu-san wa Shinji Mizushima kuanzia 1973 hadi 2014, mpiga besiboli mlevi ambaye, tofauti na wahusika wengi wa manga, alizeeka mwaka kwa mwaka pamoja na wasomaji, akacheza mpaka akastaafu akiwa na miaka 62. Yule mwajiriwa mvuvi niliyemtaja juu ni Hama-chan wa Tsuribaka Nisshi, iliyoanza 1979. Mwanzoni hajui kwamba mzee ambaye yeye Hama-chan anamfundisha kuvua ndiye mkuu wa kampuni yake. Filamu zake ziliendelea kutoka 1988 hadi 2009. Na Naoki Urasawa alichorea humo Master Keaton, Monster, na baadaye Pluto.

Big Comic Spirits lilifuata 1980, likawa la kila wiki 1986, na ndilo lililokusudiwa vijana wapya. Halikuwa peke yake: Young Jump ya Shueisha ilikuwa imeanza 1979 na Young Magazine ya Kodansha ilianza 1980, kila kampuni ikikimbilia kizazi kile kile cha pili. Big Comic Superior lilikuja 1987, na ndilo lililotoa Sanctuary na Azumi.

Spirits lilifanikiwa kwa nini?

Kwa sababu lilimpa mwanamke nafasi ya kuwasimulia wanaume habari za mapenzi. Rumiko Takahashi alianza Maison Ikkoku katika toleo la kwanza: kijana aliyefeli mtihani wa kuingia chuo, nyumba kuukuu ya wapangaji, na msimamizi mjane ambaye bado anamlilia mumewe. Hakuna bunduki. Miaka inapita kwelikweli, kijana anatafuta kazi, anakosa, anaona haya. Kwangu hiyo ndiyo seinen bora kuliko zote za ukoo huu.

Kisha ikaja YAWARA! ya Urasawa, kuhusu binti wa judo. Mwanajudo halisi Ryoko Tamura, aliyepata medali ya fedha Barcelona 1992 na baadaye dhahabu mara mbili, alibatizwa na magazeti jina la Yawara-chan kutokana nayo.

Ni ugomvi gani uliolikumba Spirits mwaka 2014?

Oishinbo, hadithi ya mwandishi wa gazeti anayetafuta chakula bora, ilikuwa ikitoka Spirits tangu 1983. Mwaka 2014 mtunzi Tetsu Kariya alimpeleka shujaa wake kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima, kilichopata ajali ya mionzi mwaka 2011, na aliporudi akatoka damu puani. Mkoa wa Fukushima ulilalamika, mawaziri wakalalamika, wakulima waliokuwa wakihangaika kuuza mazao yao wakaumia. Wengine walisema mtunzi ana haki ya kuuliza maswali. Jarida lilichapisha maoni ya wataalamu wa pande mbalimbali, na hadithi ikaenda mapumzikoni. Lililonishangaza ni kwamba baraza la mawaziri lilibishana na kurasa za manga ya mapishi. Huwezi kubishana na kitu unachokiona cha watoto.

Na yale majalada yenye vichwa vikubwa?

Ni ya Shuichi Higurashi. Kwa takriban miaka 40 alichora nyuso za watu mashuhuri, kichwa kikubwa na tabasamu, kwenye jalada la Big Comic. Ukiona nakala ya zamani, utaitambua kwa mbali.

Je, Big Comic limebaki la wazee tu?

Karibu. Lakini 2013 Shinichi Ishizuka alianza humo Blue Giant, kuhusu kijana wa Sendai anayepuliza saksafoni kando ya mto akitaka kuwa mpiga jazi bora duniani. Muziki kwenye karatasi hausikiki, na ndiyo maana kurasa zake zinastahili kutazamwa taratibu: mistari inavuma, maneno yanatoweka. Filamu ya katuni ilitoka 2023, muziki wake umetungwa na Hiromi Uehara.

Linauzwa bado?

Linauzwa, ila majarida ya karatasi ya Japani yamekuwa yakishuka tangu katikati ya miaka ya 1990. Young Sunday, ndugu mwingine wa nyumba hii, lilifungwa 2008. Sasa wasomaji wengi wako kwenye simu, na Shogakukan ina programu yake ya Manga One.

Nisiyejua Kijapani nisome nini?

Kwa Kiingereza zipo Kirihito, Ayako na MW za Tezuka, zilizotolewa na Vertical. Monster, Pluto na Maison Ikkoku kwa Viz. Blue Giant kwa Seven Seas. Golgo 13 ilitoka kwa Viz vitabu 13 tu vya hadithi teule, na kuvipata kunataka subira. Wanaosoma Kifaransa, kwa mfano Kongo na Burundi, wana bahati zaidi ya wanavyodhani, kwa kuwa Ufaransa ni soko kubwa la manga. Blue Giant na teule za Golgo 13 ziko kwa Glénat. Asiyependa kusoma aanze na Pluto ya Netflix ya 2023, vipindi vinane. Anayetaka kuanza na kitabu, aanze na Maison Ikkoku, kisha Ayako, na aziache zile za Golgo kwa safari ndefu ya basi.